Siku Kisigino Kilipokaa Sakafuni

Sogeeni, enyi mliopata leseni kwa jasho lenu, nanyi mliopata kwa kumjua mtu! Sogeeni mkae kitako, zimeni simu, mbembelezeni huyo mtoto anyamaze, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi tumalizane. Maana sikuja kusimulia habari za majeshi yaliyovuka mito wala za wafalme waliopinduliwa vitini mwao. Hayo yameandikwa mpaka yamechosha. Nimekuja kusimulia habari za mwanamke mmoja, jemadari wa usukani, aliyetaka kuendesha gari mwendo wa kilomita mbili akiwa amevaa viatu vyenye kisigino cha shubiri nzima, na yaliyompata kabla hajatoka hata getini.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa udereva. Nyumbani kwao aliitwa Kipisi, kwa sababu siku urefu ulipogawiwa katika ukoo ule, wenzake wote walipimiwa kwa ndoo na yeye akapimiwa kwa kijiko. Lakini akishaingia garini, jamani, Kipisi huyo hakuwa mfupi tena. Miaka kumi na tisa alikalia kiti cha mwalimu, kile chenye breki yake ya pili chini, ubao wa fomu mapajani, kalamu nyekundu nyuma ya sikio, na kutoka kitini hapo akatawala kwa amri moja iliyotetemesha magoti ya watu wazima: "Kisigino sakafuni!"

Kisigino sakafuni, kidole kwenye pedali, roho mahali pake. Ndiyo iliyokuwa sheria, na haikuwa na mkubwa wala mdogo. Aliyekuja na viatu vya mchuchumio alirudishwa nyumbani na alama ya mkasi mwekundu kwenye fomu. Aliwarudisha wauguzi, akamrudisha mke wa bosi wake, na mdogo wake wa tumbo moja akamrudisha mara mbili, mara ya pili huku mvua inanyesha.

Sasa mtauliza, ilikuwaje mtu wa namna hiyo akavaa vile viatu? Subirini. Nitawaambia, na msicheke kwa sauti kubwa.

Katika kila picha ya familia, tangu akiwa na miaka minne, Kipisi aliwekwa mbele na kuambiwa achuchumae. Wenzake wamesimama nyuma wamenyooka, yeye yuko chini katikati, kama mpira kwenye picha ya timu. Iko picha moja ambayo kilichoonekana ni paji lake la uso tu. Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma tangu utotoni, na hakuwahi kumwambia mtu. Basi mdogo wake, yule mrefu waliyemwita Mlingoti, alipotangaza siku ya ndoa, Kipisi akala kiapo mbele ya kioo cha bafuni: safari hii nitasimama mstari wa nyuma, nionekane mpaka mabega.

Ndipo akanunua silaha. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, zenye kisigino chembamba kama penseli, na kwa wiki mbili alijifunza kuzitembelea kwenye korido ya nyumba yake, mkono mmoja ukutani, jirani wa chini akigonga dari kwa fagio.

Asubuhi ya siku yenyewe ikafika. Saluni, bibi harusi akiwa tayari, shetani akaanza kazi. Kwanza kifungo cha mkanda wa kiatu cha kulia kikakatika. Shangazi yao alikuwepo, naye ni fundi cherehani ambaye hatoki nyumbani bila sindano. Alipiga goti moja, akatoa uzi wa kushonea magunia, akashona mkanda palepale mguuni, na ili miguu isitofautiane akashona na wa kushoto.

"Mwanangu," alisema akiukata uzi kwa meno, "hivi hata tetemeko lije, nyumba itaanguka na viatu vitabaki."

Halafu simu ikalia. Gari la mjomba, lililofungwa maua na utepe tangu jana, lilikuwa limezimika kabisa. Mjomba alipiga muziki garini tangu alfajiri mpaka betri ikaisha. Saa ilikuwa tatu na dakika thelathini na tano. Kwa msajili wa ndoa walitakiwa saa nne kamili, na karani wa pale alisifika kwa jambo moja: ukichelewa, anakupigia mstari na kumwita anayefuata, na nafasi nyingine ni mwezi ujao. Bwana harusi naye kesho yake alikuwa anapanda ndege kwenda kazini ng'ambo, mkataba wa miaka miwili. Yaani ama leo kabla ya saa nne, ama miaka miwili ya kuongea kwa simu.

Bibi harusi akakaa chini na pambo lake lote. "Basi tena," alisema, na midomo ikaanza kumcheza.

Kipisi akamtazama. Kisha akatazama uani, na pale uani, chini ya jua, likiwa na kibao cha L kichwani, lilisimama gari la shule ya udereva, farasi wake mwaminifu wa miaka yote, alilokuja nalo asubuhi akiwa amevaa raba. Raba zenyewe? Aliona aibu zisije zikaonekana, akazituma zitangulie ukumbini ndani ya sufuria la kupikia.

"Inuka!" alinguruma. "Hakuna mtu wa kwetu atakayeolewa kwa simu maadamu mimi nina funguo mkononi. Shangazi, kamata mkia wa gauni, ingia nyuma. Wewe kaa mbele na mimi."

Wakaingia. Mkia wa gauni ulipitishwa katikati ya viti, ukajaza kiti cha nyuma, ukammeza shangazi mpaka shingoni. Bibi harusi akakaa kiti cha mwalimu, akiwa na viatu bapa kabisa, maana mume aliyempata alimfika sikioni tu na alikuwa anamwonea huruma. Akamtazama dada yake miguuni.

"Dada. Viatu."

"Viatu vina nini?"

"Si wewe ulinirudisha nyumbani na mvua?"

"Wewe ulikuwa mwanafunzi!" Kipisi akajinyoosha kitini, akashika usukani kwa mikono miwili, na hapo akatoa hotuba ambayo angeijutia baada ya sekunde nane. "Miaka kumi na tisa, mdogo wangu! Nimefundisha watu mia nane na ushee. Nimepita kwenye matope, kwenye mifereji, kwenye mzunguko wa sokoni siku ya gulio. Gari hili linanijua. Hata nikilikanyaga kwa kiwiko litanielewa. Sheria ni ya wale wasiojua!"

"Haya," alisema bibi harusi. Akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Kwenye sakafu ya gari lile, chini ya pedali ya mafuta, palikuwa na zulia la mpira, na kwenye zulia hilo palikuwa na tundu. Lilichimbwa na visigino vya wanafunzi mia nane waliotii amri kwa miaka kumi na tisa. Kipisi alikuwa analijua. Kila mwezi alisema atabadilisha zulia. Akawasha gari, akakanyaga klachi, akaingiza gia, akakanyaga mafuta taratibu kama afanyavyo siku zote. Kisigino cha penseli kikalitafuta lile tundu, kikalipata, kikazama mpaka mwisho, na mguu wa kulia ukakwama hapohapo, kidole kikiwa kimelalia mafuta.

Gari likaruka.

Mbele, getini, alisimama msusi, simu juu, anawarekodi huku anapiga vigelegele. Akaendelea kupiga. Alidhani ni madoido. Kipisi akauvuta mguu, wapi! Shangazi alishona kwa uzi wa magunia, mguu hautoki kiatuni na kiatu hakitoki sakafuni. Wa kushoto nao ulikuwa umeteleza kwenye klachi na kunasa kwenye pindo la nguo. Katika giza lile la akili, mazoea ya miaka kumi na tisa yakamshika. Akafanya kile alichokifanya kila mara kifo kilipokuja mbio. Alimgeukia mtu wa kiti cha pili akapiga ukelele:

"Kanyaga breki! Breki, breki, breki!"

Jamani, amri hiyo aliitoa upande ambao siku nyingine zote hukaa mwalimu. Lakini bibi harusi alikuwa amefokewa hivyo miezi sita, na mguu wake haukungoja kufikiri. Kiatu bapa kikashuka kwa nguvu zote, na chini yake, kwa bahati iliyofungwa pale na mafundi wa shule, kulikuwa na breki ya mwalimu. Gari likapiga chafya, likazimika, likasimama. Kutoka kwenye bampa mpaka kwenye magoti ya msusi ilibaki shubiri moja.

Vigelegele vikakatika.

"Kwani mmesahau kitu?" aliuliza msusi kwa sauti ndogo.

Kipisi alikuwa anatetemeka mpaka hereni zinalia. Aliyatazama yale magoti mbele ya gari lake, akamwona msusi kama ambavyo angekuwa, amelala chini ya magurudumu. Machozi yakafuata, na wanja wote wa saluni ukashuka nayo.

"Ningemuua," alisema. "Ningemuua mtu, kwa ajili ya picha."

"Picha gani?" aliuliza mdogo wake.

Ndipo akamwambia. Yote, kuanzia miaka minne, kuchuchumaa, paji la uso, mpaka kiapo cha bafuni. Saa ya gari ilisema tatu na dakika arobaini na nne.

Kipisi akajifuta uso kwa kiganja, akapiga moyo konde. "Shangazi, nipe mkasi."

"Mkasi wa nini? Mshono nimeurudia mara saba ule!"

"Ukate."

"Mwanangu, si uendeshe polepole tu?"

"Shangazi," alisema Kipisi, na sauti ya kitini ikamrudia, ile iliyotetemesha magoti, "mwanafunzi wa gari hili amefeli. Leta mkasi."

Na hapo, enyi watu, ndipo lilipotendeka lile tendo. Nguo zikapekuliwa, mkono wa shangazi ukachomoza kutoka kwenye mawimbi ya gauni na mkasi mdogo wa kukatia vifungo. Kipisi akainama chini ya usukani, mahali ambapo mtu mrefu asingeenea, akaushambulia uzi wa magunia. Uzi ukagoma. Akazikata nyuzi moja moja, huku shangazi akiguna kwa kila moja kama anachomwa yeye. Wa kulia ukafunguka. Wa kushoto ukapigana zaidi, ukamchubua kidole, kisha nao ukasalimu amri. Kile kiatu kilichonasa akakizungusha, akaking'oa kutoka tunduni, akavirusha vyote viwili nyuma kwa shangazi.

"Chukua ndara zangu basi," alisema shangazi kwa huzuni.

"Ndara zinachomoka zinaingia chini ya breki. Hapana." Akalitoa na lile zulia bovu, akalitupa nje. Akaweka miguu mitupu juu ya bati, akavisikia visigino vyake viwili vimetua. Alikuwa mfupi kama siku aliyoumbwa. Akawasha gari.

"Na picha, dada?"

"Nitachuchumaa," alisema Kipisi, macho barabarani. "Nimezoea."

Kutoka hapo safari haina la kusimulia, na huo ndio utukufu wake. Alitoa ishara kila kona. Alisimama kwa kila mtembea kwa miguu, hata mmoja aliyekuwa amesimama tu anaongea na simu na hana nia ya kuvuka. Saa nne kasoro dakika mbili walipanda ngazi mbio, bibi harusi mbele, shangazi na mkia wa gauni katikati, na dereva peku nyuma. Karani alikuwa amekwisha kulaza rula juu ya jina lao. Akaitazama saa, akaitazama miguu ya Kipisi, akaiondoa rula.

Wakaoana. Wakatoka nje. Mpiga picha, mtu mwenye haraka zake, akaupanga ukoo ule wa minara kwa mkono: warefu nyuma, maharusi katikati. Kisha akanyoosha kidole.

"Na yule mfupi asiye na viatu aje mbele, achuchumae."

Kipisi akaanza kusogea. Lakini mkono ukamzuia. Bibi harusi, mbele ya watu wote, akalikusanya gauni lake jeupe akachuchumaa juu ya saruji. Bwana harusi akamtazama mkewe, hakuelewa kitu, akachuchumaa naye. Shangazi akafuata, magoti yakalia kama mlango mbovu, akawageukia wengine: "Nyinyi mnangoja nini? Chini!" Wakashuka mjomba, binamu, kaka watatu, mpaka hakubaki aliyesimama isipokuwa mmoja, nyuma kabisa, peku, wanja umemwagika, anaonekana kuanzia utosi mpaka vidole vya miguu.

"Sasa hii picha gani?" alilalamika mpiga picha.

"Piga," alisema bibi harusi.

Picha hiyo, enyi mliosikiliza, imetundikwa leo kwenye chumba cha somo la kwanza, katikati ya kibao cha alama za barabarani na vile viatu viwili vya dhahabu vilivyopigiliwa ukutani kwa misumari. Vizazi vya madereva vimepita chini yake. Na daima hutokea mwanafunzi mmoja mgeni anayeuliza mbona watu wote wamechuchumaa isipokuwa Mwalimu.

"Achana na watu," humjibu Kipisi, akichukua kalamu nyekundu sikioni. "Tazama miguu yangu. Kisigino kiko wapi?"

Darasa zima huitikia.