Sanamu ya Nta Yaendelea na Majukumu Yake

Wananchi wa Montauvert walitangaziwa kwa tarumbeta na ngoma kwamba mfalme wao yuko imara na anaendelea na majukumu yake kama kawaida. Alikuwa amekufa tangu Jumatano.

Huo haukuwa uongo. Ilikuwa itifaki. Katika nchi ile mwili unaweza kufa, hayo ni mambo yake binafsi, lakini mfalme haruhusiwi. Mpaka maziko yapite, mwili unasogezwa pembeni, na kitini inakaa sanamu ya nta yenye taji, fimbo, na mashavu mekundu ya mtu aliyeshiba. Inapigiwa magoti. Inaandaliwa chakula. Mfalme mpya, mtoto wa marehemu, anafichwa chumba cha juu, maana wafalme wawili wakionekana siku moja watu wataanza kulinganisha.

Msimamizi wa chakula hicho alikuwa Bwana Hilaire de Pontbrisé, Msimamizi Mkuu wa Kinywa cha Mfalme. Ni cheo kabisa, kina joho na mshahara. Hilaire alimimina mvinyo mbele ya nta, akasubiri muda ambao mfalme angeunywa, kisha akaifuta midomo kwa kitambaa. Alifanya kwa moyo. Kusema kweli, kazi ilikuwa imenoga. Mfalme wa zamani alikuwa na tabia ya kumrushia mifupa. Huyu alikuwa na adabu.

Akaja Bwana de Malvoisin, Waziri Mkuu, na kundi la majaji nyuma yake. Alitaka ushuru wa chumvi upande mara mbili, na kwa sheria lazima agizo lisomwe mbele ya mfalme ndipo majaji waliandikishe.

"Mtukufu," akaiambia nta, "tunapandisha ushuru wa chumvi mara mbili. Kama hutaki, sema."

Nta ikamtazama.

"Mmesikia?" akawauliza majaji.

"Hatujasikia kitu," akajibu mkubwa wao, mzee Gontran.

"Ndiyo hivyo! Mfalme akinyamaza mezani, amekubali. Au unataka kusema huyu si mfalme?"

Majaji wakaitazama nta. Wakamtazama na mnyongaji, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa bahati tu. Wakaona ni mfalme kabisa, tena leo amependeza. Hilaire akagonga sakafu kwa fimbo yake ya kazi.

"Kinywa kimeridhia!"

Ikaandikishwa: ushuru umepanda, na ukimya wa mfalme mezani ni idhini, milele na milele. Malvoisin akaondoka anapiga mluzi.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa wazi kwa raia yeyote mwenye viatu safi. Mfalme wa Montauvert hali faraghani. Anakula mbele za watu, na wenye njaa wanayo haki ya kutazama. Siku hiyo alikuwepo Perrine, muuza samaki wa chumvi. Mume wake Mathurin alikamatwa akiwa na gunia moja la chumvi isiyolipiwa ushuru. Jumatatu angefungwa minyororo kwenye meli za vita za mfalme, apige makasia mpaka afe. Huko harudi mtu.

Perrine akasogea mezani. Hilaire akamzuia.

"Mama, maombi yanapitia ofisi ya maombi."

"Imefungwa. Wanaomboleza."

"Kafa nani?"

"Si mfalme?"

"Mfalme hajafa!"

"Basi kama hajafa, niachie niongee naye. Unanibania nini?"

Hilaire akasogea pembeni. Perrine akapiga magoti mbele ya nta.

"Baba, mume wangu Mathurin anaozea gerezani kwako. Naomba umwachie. Kama hutaki, sema."

Nta ikamtazama. Jasho likamtoka Hilaire hadi kwenye soksi za hariri. Angesema nini, kwamba huyu ni mshumaa mkubwa? Na mvinyo wote ule aliokuwa akiumimina, alikuwa anamnywesha nani? Akagonga sakafu.

"Kinywa kimeridhia!"

Malvoisin akarudi mbio. "Umerukwa na akili, wewe?"

"Mheshimiwa, nimetekeleza mwongozo wako."

Kesho yake foleni ilifika darajani. Waokaji waliomba, wafumaji waliomba, nta ikawakubalia wote bila upendeleo. Mwishoni akaja mzee Gontran na wenzake wakiwa na lao: ushuru usipandishwe bila baraza la raia kukubali, mtu asifungwe bila hukumu, na mfalme mwenyewe awe chini ya sheria. Nchi za jirani, mambo kama hayo yalitafutwa kwa vita na vichwa vya wafalme kuanguka. Montauvert waliyapata kati ya supu na jibini.

Malvoisin akachukua hatua. Aliagiza asitoke mfungwa yeyote, akasogeza maziko, na Jumapili sanamu ikawekwa kabatini. Mfalme mpya akashuka ngazi mbili mbili.

"Upuuzi wenu wote nimeusikia nikiwa juu!" akapayuka kabla hata ya kukaa. "Umefutwa! Sheria ni mimi!"

"Na ushuru wa chumvi, Mtukufu?" akauliza Gontran.

"Huo unabaki."

"Lakini uliridhiwa na kinywa kile kile, kwa kanuni ile ile. Kanuni ikifa, na ushuru unakufa."

Malvoisin akamnong'oneza bwana wake: "Iache kanuni iishi. Baba yako alikosa ulimi, wewe unao. Wakiomba, kataa tu."

Mfalme akaona hilo rahisi. Waokaji: hapana. Wafumaji: hapana. Majaji: hapana, na nuksi zenu. Watu wakainamisha vichwa. Kisha chakula kikaja.

Lazima ieleweke kwamba kijana yule alikuwa na njaa ya hatari. Siku zote alizofichwa, vya moto vilikwenda kwa nta, yeye akapandishiwa makombo. Akakamata paja la jogoo mzee, akang'ata kipande kizima kizima. Perrine akasogea.

"Baba, mume wangu Mathurin. Kesho wanamchukua. Naomba umwachie. Kama hutaki, sema."

Mfalme akatafuna. Jogoo alikuwa mgumu. Macho yakamtoka, akapunga mkono kushoto na kulia kama anafukuza nyuki.

"Anakataa!" akapiga kelele Malvoisin. "Huoni mkono?"

"Mkono uko chini ya idara nyingine," akajibu Hilaire.

"Tema, Mtukufu! Tema!"

Majaji wakaguna kwa mshtuko. Kumwamuru mfalme ateme ni kosa la uhaini, na mnyongaji bado alikuwa mlangoni. Malvoisin akaufumba mdomo wake. Hilaire akamtazama mfalme kwa huruma ya kikazi, akasubiri kama alivyokuwa akiisubiri nta. Kisha akagonga.

"Kinywa kimeridhia!"

Perrine hakungoja jogoo amezwe. Alimshika mkono mkuu wa gereza, aliyekuwa kati ya watazamaji, na kumkokota hadi nje, huku akimwambia, "Twende, baba, funguo si unazo?"

Siku ya pili mfalme hakugusa sahani, asije akaombwa kitu mdomo ukiwa umejaa. Ya tatu vivyo hivyo. Alikaa wima mezani, mashavu yameingia ndani, akisema hapana, hapana, kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Ya nne akaingia mwanamume mwembamba, alama za minyororo bado ziko mikononi, amebeba mkate wa moto uliojazwa samaki na vitunguu.

"Naitwa Mathurin," akasema. "Nimekuja kushukuru, baba. Mke wangu kaupika mwenyewe. Onja."

Akauweka mezani, akaukata. Mvuke ukapanda. Nyuma yake alisimama mzee Gontran na karatasi ya maombi yale matatu ya majaji, ameshaikunjua.

Mfalme aliutazama mkate, akamtazama Gontran, akautazama tena mkate. Mkono wake ukaanza kusogea.

Hilaire akainua fimbo.