Vifungo Ndani ya Koti

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa dada yake, pamoja na binti yetu. Sababu ni pasi. Niliirusha, ikagonga mlango. Narudia: mlango. Mtoto alikuwa kando, hatua moja nzima. Mchungaji kaamua kila nikikasirika niombe, kisha nishone kifungo kimoja ndani ya koti langu la kanisani. Jumapili mke wangu ataliangalia ndipo aamue. Nakadiria vikizidi vitano harudi. Fundi cherehani mzima kupimwa kwa vifungo! Cha kwanza nimekishona kwa kumkasirikia mchungaji mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Mchungaji anasema jua lisizame nikiwa bado na hasira. Basi nimeanza kukasirika alfajiri, nipate muda wa kutosha. Mteja kalalamika suruali inambana. Nikamweleza kwa upole kwamba tumbo ndilo linaibana suruali. Vinne kabla ya saa sita mchana.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na tisa. Nilipiga magoti kumwomba Mungu moyo mpya. Katikati ya sala, jirani akafungulia redio. Ishirini.
Jioni nimeipima ile alama ya pasi mlangoni. Vipimo vya binti yangu navijua kwa kichwa. Iko sawasawa na sikio lake. Nimeogopa sana. Nimeipaka rangi.

Jumamosi, 8 Machi
Thelathini na moja. Nimefumua ishirini na saba, nikabakiza vinne. Kisingebaki hata kimoja, wangeshtuka. Bitana ya ndani ya koti nimeipiga pasi mpaka inang'aa.

Jumapili, 9 Machi
Walikuja baada ya ibada. Binti alishika gauni la mama yake, hakunisalimia. Mchungaji akahesabu vinne, akamshukuru Mungu. Mke wangu hakuhesabu vifungo. Ndiye aliyenifundisha kufumua. Aliinua bitana dirishani, akahesabu matundu ya sindano. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba thelathini na moja tungehangaika navyo pamoja. Kisha akauliza mlango nimeufanyaje. Nikaanza kukunja koti. Wakaondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Kosa nimeliona. Bitana ile ni laini mno, inatunza matundu. Nitaweka ya sufu, haionyeshi kitu. Nimeanza kuikata leo. Mkasi butu, ukaniharibia kitambaa. Nikaurusha, ukagonga mlango.
Hakukuwa na mtu ndani, kwa hiyo hilo silihesabu.