Mheshimiwa Anasikia Baridi

Jumamosi, 4 Julai

Nimepewa nyoka. Sikumwomba!

Ni wa maabara ya shule. Hana sumu, unene wake kama mpira wa kumwagilia maua, na shule nzima humwita Mheshimiwa kwa sababu hafanyi kazi yoyote na kila mtu humpisha. Jana mwalimu wa baiolojia aliuliza nani atamtunza likizo hii. Wote wakainamia madaftari. Mimi nikajikuna sikio. Mwalimu akaona mkono umepanda, akasema safi sana binti, wenzangu wakapiga makofi. Makofi yakishapigwa unashushaje mkono? Nilishindwa.

Akanieleza jinsi ya kumpasha joto. Kwa kirefu. Mimi nilikuwa nawaza nitambebaje mbele za watu, kwa hiyo nikaitikia tu: ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Nilichoshika ni kwamba nyoka bila joto hasagi chakula, na asiposaga anaweza kufa. Hilo joto linatoka wapi, hapo ndipo nilipokuwa naitikia.

Mama amesema akae stoo, na yeye asimwone. Kaka amesema kuanzia leo jina langu ni Mama Nyoka.

Jumapili, 5 Julai

Baridi kali. Mheshimiwa amejikunja kama kamba iliyosahauliwa. Nikaweka taa yangu ya mezani juu ya sanduku lake la kioo. Akakimbilia kona ya mbali, akaficha kichwa. Mfuniko wa plastiki ukaanza kulegea. Mama akauliza kutoka jikoni nini kinaungua. Nikasema hakuna. Stoo ilikuwa haionekani kwa moshi.

Nikajaribu chupa za maji ya moto. Uvumbuzi! Mpaka kifuniko kimoja kilipoachia, Mheshimiwa akaoga bila kupenda.

Joto la sanduku nilipima kwa kipimajoto cha homa. Jioni Kaka akajifanya mgonjwa ili asioshe vyombo, akakichukua, akakitia mdomoni. Nilipaswa kusema. Sikusema. Naona aibu, ila kwa hili si sana.

Jumatatu, 6 Julai

Naweza kueleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza jinsi joto linavyosafiri katika chuma, maji na hewa. Nilipata alama zote. Kulifikisha kwa nyoka mmoja ndani ya stoo sijui kwa lugha yoyote.

Mheshimiwa hataki kula. Nimemwekea panya (walikuja naye wamegandishwa, wako kwenye friji nyuma ya barafu, Mama hajui). Hakumtazama hata. Kaka akasema si umpigie mwalimu? Nimpigie nimwambie nini? Kwamba alipokuwa anaeleza mimi sikuwepo? Bora nife mimi kabla ya nyoka.

Halafu nikapita chumbani kwa Bibi. Amekaa kwenye kiti chake, magotini ameweka kimto chake cha umeme cha kupashia joto, kile chenye foronya ya maua. Nikasimama mlangoni. Lo! Papo hapo nikajua nitafanya nini, na papo hapo nikajua ni vibaya.

Nikamwambia waya umechubuka, utampiga shoti. Akauliza sasa nani atautengeneza. Nikasema mimi. Akanishika shavu, akasema kumbe huko shuleni mnasoma kweli.

Jumanne, 7 Julai

Kimefaa! Nimekiweka chini ya sanduku, nusu tu, ili upande mmoja uwe wa joto na mwingine wa baridi, achague mwenyewe. Hata sikumbuki nimelitoa wapi wazo hilo. Labda masikio yangu yalisikiliza bila mimi. Mheshimiwa akajinyoosha, ulimi unacheza. Mchana akammeza panya mzima. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha.

Nikapita sebuleni. Bibi amejifunga magotini sweta la Mama, mikono ya sweta imepigwa fundo. Akaniuliza kazi inaendaje, fundi wangu. Nikasema ni kazi inayotaka utulivu.

Chakula cha jioni nilimwachia Kaka.

Jumatano, 8 Julai

Bibi hakutoka. Kila asubuhi hujikongoja hadi getini kupiga soga na rafiki yake, mshonaji wa mtaa wetu. Leo magoti yamegoma. Mshonaji akaja mwenyewe dirishani, nami nikawa nyuma ya pazia nikisikia Bibi akijisifu. Eti mjukuu wangu anakifungua chote, anakifunga tena. Eti hawa watoto wa siku hizi, acha tu! Mshonaji akasema mwenzangu una bahati, wangu hata sindano hawezi kuitia uzi.

Uso ukawaka moto. Kama ningeweza kuuweka chini ya sanduku la Mheshimiwa, tatizo lingeisha.

Baadaye Kaka aliingia stoo, akaona yale maua. Hakucheka. Akauliza tu, taratibu, hiki si cha Bibi? Afadhali angecheka.

Alhamisi, 9 Julai

Nimempigia mwalimu. Nilikata simu mara kadhaa kabla hajapokea. Akasema mbona kimya, bamba la joto liko kabatini maabara pamoja na kidhibiti chake, si nilikwambia upite ulichukue? Basi. Hakuna matusi. Mazungumzo yote yalikuwa mafupi kuliko kupiga mswaki. Kaka alinisindikiza kulichukua.

Ikabaki kuungama kwa Bibi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Kwa Kiswahili nililia. Kwa Kiingereza nilionekana mkweli zaidi, ila Bibi hajui Kiingereza.

Nikampelekea kimto. Akakiwasha, akakiweka magotini, akafumba macho. Akasema tangu nikitengeneze kina joto tamu kuliko kilipokuwa kipya. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

Nikasema nimebadilisha waya.

Ni mimi! Mdomo wangu mwenyewe! Bibi akainusa foronya, akasema ina harufu ngeni. Nikasema ndivyo waya mpya unavyonuka.

Ijumaa, 10 Julai

Bibi ametembea hadi getini bila kushika ukuta. Nilifurahi mpaka aliporudi na mshonaji, na mshonaji na pasi yake ya umeme. Haishiki moto tangu jana, na sare za watoto wa watu zimelundikana hazijanyooshwa. Bibi akasema mpe fundi wetu huyo. Wote wawili wakanitazama kwa matumaini. Nyuma yao Kaka alikuwa anatikisa kichwa polepole. Hapana. Hapana.

Nikaipokea.

Sasa iko kitandani kwangu, vipande vipande. Nimeifungua kwa kisu cha mkate, nikaifunga, skrubu nyingine zikabaki nje, nikaifungua tena. Nimeona aibu wiki nzima, kwa hiyo leo nimekaa chini, nikajichunguza kwa dhati, nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Sikuwa na bisibisi. Nitaazima ya jirani. Nitamwambia ni ya sanduku la nyoka.