Kopo la Kumeza Joto

Mtu akikaa nje ya nyumba yake mpya saa saba mchana, kwenye kiti cha plastiki, akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, wewe na mimi tutasema, masikini, joto limemshinda. Injinia hakusema hivyo. Injinia alishika breki za baiskeli, akateremsha mguu mmoja chini, akajiambia moyoni, "Riziki ile pale."

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Uinjinia wake wote ulikuwa kichwani, maana ulikuwa kofia: kofia ngumu ya njano, ya mtumba, aliyoinunua pamoja na kipimajoto cha ukutani. Kabla ya kofia aliwahi kubeba zege kwa fundi mwashi mmoja mzee, kazi aliyoifanya kwa wiki tatu mpaka alipokutwa amelala ndani ya toroli. Kutoka kwa yule mzee hakuondoka na kitu ila kelele zilizomjaa masikioni, kwa sababu mzee alipenda kufundisha hata asiyetaka kufundishwa.

Na huyu mwuza baridi aliishi wapi? Kwenye chumba cha kupanga chini ya bati tupu, bila dari, chenye dirisha moja lililopokea jua la jioni lote kana kwamba limealikwa. Mkewe alivumilia misimu miwili ya joto. Wa tatu alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake.

"Siku chumba kikiwa cha kukaa watu, niite," alimwambia akiwa mlangoni. "Mimi si mkate."

Injinia alimpenda mkewe. Hilo naliandika mapema ili usije ukamchukia sana. Kila jioni alipita kwa shemeji yake kubembeleza, na kila jioni aliulizwa swali moja, "Kimepoa?" Akarudi peke yake.

Basi, yule mama wa mfuniko wa sufuria. Alikuwa fundi cherehani, mtaa mzima ukimwita Mama Mshono. Alishona nguo za watu miaka arobaini, na jasho lake lote akalijenga. Ila alijenga kwa macho ya majirani: bati jipya linalong'aa, na upande wa machweo madirisha makubwa ya vioo, ili wapita njia wayaone mapazia. Wapita njia waliyaona. Jua nalo liliyaona. Binti yake alikuja na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza wa Mama Mshono, na siku ya tatu mtoto alikuwa na vipele vya joto mwili mzima. Wakaondoka. Mama Mshono akabaki na nyumba isiyokaliwa na mtu, hata yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza feni ninazo mbili. Zinanipulizia moto."

"Feni ni za waliokata tamaa, mama. Mimi ni injinia wa joto. Naomba nimpime mgonjwa."

"Mgonjwa nani?"

"Nyumba."

Akajikuna kwapani kidogo kabla ya kuingia. Huko kwapani ndiko kipimajoto kilikokuwa kikiandaliwa. Kwa kweli siku ile kwapa lingeweza kupumzika, chumba chenyewe kilitosha.

"Mama!" Injinia alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Nyumba yako ina homa."

Halafu akafungua mkoba akatoa kopo la biskuti lililopakwa rangi ya fedha na kufungwa kwa waya. Akakiegemeza kipimajoto kwenye kopo, mahali ambapo, kwa nyuma, palikuwa na kipande cha barafu kilichofungwa kwenye nailoni. Kimiminika kikateremka taratibu.

"Hiki kinaitwa Kimezajoto. Unakitundika katikati ya nyumba, kinameza. Usikifungue kamwe! Ukikifungua, joto lote lililomezwa linatoka kwa mpigo mmoja."

"Na kikishiba?"

Hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. "Hakishibi," alisema Injinia, akatoa karatasi haraka. "Na haya ni masharti."

Hapa ndipo ufundi wake wote ulipokuwa. Karatasi ilisema: paa lipakwe chokaa, mara mbili. Kuta zinazotazamana zitobolewe matundu ya hewa juu kabisa. Madirisha ya machweo yapate kivuli kwa nje, si pazia kwa ndani. Dari iwekwe, na juu ya dari upepo upate njia. Moto wa kupikia utoke nje ya nyumba. Zilikuwa kelele za yule mwashi mzee, neno kwa neno. Injinia aliziona kuwa usumbufu mtupu, na kwa sababu hiyo hiyo alizipenda: hakuna mtu angezitimiza. Mteja akirudi kulalamika, yeye alimwuliza, "Chokaa ulipaka?" Mteja akasema bado. "Haya basi! Kimezajoto kina kosa gani hapo?" Na mteja akaondoka akiomba radhi.

Kwa njia hiyo aliuza makopo mengi mjini. Mnunuzi mmoja alikuwa mwanamke mzee, anayejua kusoma na kuandika, na bado akanunua mawili. Simtaji, kwa sababu nalala naye kitanda kimoja na kitandani hakuna mtu mwingine.

Mama Mshono naye akanunua.

Injinia hakupita tena mtaa ule. Miezi ikaenda. Siku moja akiwa kwa kinyozi, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja, akamsikia mtu akisema, "Kwa Mama Mshono mchana watu wanajifunika shuka. Binti yake amerudi na mtoto, sasa hataki kuondoka. Ana kopo pale ukumbini, linameza joto hatari!"

Injinia aliinuka kabla ya kumalizwa upande wa pili.

Akalikuta paa jeupe. Mimea ya kutambaa imepanda kwenye fito mbele ya vile vioo. Jiko limehamia kibandani, uani. Juu ya kuta, matundu. Akayatazama yote kwa huruma. "Masikini mama wa watu," aliwaza, "amehangaika na karatasi ile ya upuuzi."

Kisha akaingia ndani, na jasho lake likasimama.

Akatoa kipimajoto, na safari hii hakukipitisha kwapani. Kilisema kweli kwa mara ya kwanza tangu kinunuliwe. Kwenye mkeka, saa saba mchana, mtoto alikuwa amelala fofofo, ngozi yake laini kama haijawahi kuona kipele. Na juu yake, limetundikwa katikati ya ukumbi kwa utepe wa zambarau, lile kopo.

Injinia akaanza kukumbuka. Makopo mengine alijaza mchanga. Lakini siku ya kopo hili mchanga ulimwishia, akachota unga fulani wa kijivu kutoka kwenye gunia lililosahauliwa nyuma ya karakana. Unga gani? Hakuwahi kuuliza. Gunia lilishaondoka, na karakana imehama. Alikuwa amegundua kitu! Kwa bahati mbaya, bila kujua, ila amegundua! Machoni mwake hakumwona tajiri akitaka kununua ugunduzi wake. Alimwona mkewe akiteremka ngazi za dada yake na mzigo wa nguo kichwani.

"Mama, nimekuja kukichukua Kimezajoto. Matengenezo ya kawaida."

"Hakijaharibika, mwanangu."

"Basi nakurudishia fedha yako yote."

"Hee! Nikuuzie usingizi wa mjukuu wangu?" Mama Mshono aliuma uzi kwa meno. "Siuzi."

"Na nyongeza juu."

"Mwanangu, unaniumiza roho."

"Na baiskeli."

Mama Mshono alimtazama mtoto, akalitazama kopo, akapangusa jicho lililokuwa kavu kabisa. "Ina kengele?"

"Inayo."

"Basi iache hapa, na Kimezajoto niachie nikiage leo. Njoo kesho asubuhi."

Kesho yake Injinia alitembea kwa miguu mji mzima, kopo kifuani kama mtoto mchanga, moja kwa moja mpaka kwa shemeji yake.

"Kimepoa?" mkewe aliuliza.

"Kinapoa leo!"

Wakalitundika. Wakaketi kitandani bega kwa bega, wakilitazama. Saa sita. Saa saba. Saa nane bati lilianza kulia ka-ka-ka juu ya vichwa vyao.

"Linameza?" aliuliza mkewe.

"Linaanza polepole."

"Mume wangu, linatumeza sisi."

Na akalishika lile kopo.

"Usilifungue!" Injinia alipiga kelele, na kelele zake zilikuwa za kweli. "Joto lote litatoka!"

Mkewe alimtazama jinsi mwanamke anavyomtazama mwanamume aliyekubali kuolewa naye mbele ya mashahidi. Kisha akafungua. Ndani mlikuwa na majivu, kizibo cha soda, na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya masharti, imekunjwa kwa mikunjo iliyonyooka. Ya pili ilikuwa na mwandiko wa duara wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya viuno:

"Mwanangu, mimi nguo yoyote nikiletewa huigeuza kwanza ndani nje nione mshono. Kopo lako nililifungua waya siku ile ile, kabla hujafika kona. Nilitaka kukukimbiza, nikasoma karatasi, nikaona inasema maneno ya mtu mwenye akili, nikajua si yako. Nikaanza na chokaa kwa kuwa ndiyo rahisi, mengine yakafuata. Aliyekufundisha msalimie. Baiskeli ni nzuri, mkwe wangu anashukuru. Kengele nayo inalia vizuri."

Mkewe akasoma mara mbili. Hakucheka. Akacheka baadaye, mpaka akakaa sakafuni.

"Yako mwenyewe haya?" aliuliza, akiinua karatasi ya masharti.

"Nimeyaandika mimi, ila..."

"Mwenye nyumba ana ngazi?"

Kwa hiyo ungepita kule jioni ile ungemwona Injinia juu ya paa, ndoo ya chokaa mkononi, nywele zimenyolewa upande mmoja, mweupe tangu nyusi hadi kucha. Majirani walisimama kutazama. Chini, karatasi mkononi, mkewe alikuwa akielekeza. Kofia ya njano alikuwa ameivaa yeye, na ilimkaa vizuri.

"Nimemaliza! Naweza kushuka?"

Mkewe akasogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa imeandikwa mara mbili," alisema. "Rudia."