Kaptula Ndani ya Sauna

Jumatatu, 3 Aprili
Nimeanza! Sindano ya kwanza, tako la kushoto. Dawa ya misuli nimenunua kwa jamaa anayeuzia kwenye buti ya gari. Eti ni ya farasi. Basi ni salama, farasi ana afya! Ossi, mwanyumba wangu, ameshinda mbio za waume kubeba wake mabegani miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu atanitambua. Sirkku, mke wangu, alinikumbusha kuwa tuliahidiana mtoto mwaka huu. Nikamwambia nina nguvu za watoto kumi.

Jumanne, 16 Mei
Kifua hicho! Fulana mbili zimepasuka. Mgongo chunusi tupu, nywele zinabaki kwenye mto wa kulalia. Nimeipiga ngumi mashine ya kahawa kwa kuchelewa. Sirkku aliuliza nina nini. Nilisema ni hali ya hewa.

Jumamosi, 10 Juni
Sauna, bafu letu la mvuke, kwa baba mkwe; na sisi Wafini huingia uchi. Balaa! Korodani zimesinyaa, matiti yameota. Nikapata wazo la kijanja: niingie na kaptula na fulana. Mzee Urpo, baba mkwe mwenyewe, ambaye kwa miaka tisa hajaniuliza swali hata moja, aliweka kata chini akauliza kama naumwa au nimekuwa Mswidi. Ossi akadakia, "Vua bwana, nani atakuibia?" Nikavua kwa hasira. Ossi alitazama chini, akatazama juu, akasema mkewe anajua duka zuri la sidiria. Nilimrushia ndoo. Ikampata mkwe.

Jumatano, 28 Juni
Daktari. Shinikizo la damu liko juu. Moyo umeanza kunenepa. Mbegu za uzazi: sifuri. Alisema zinaweza kurudi nikiacha, zinaweza zisirudi. Sirkku hakulia. Alikunja karatasi ya majibu mara nne, akaitia mkobani. Heri angenitukana. Nimeumia kweli. Nimeapa kuacha.

Jumamosi, 1 Julai
Mbio. Sirkku alikataa kupanda mabegani. Kumbe alikuta sindano ya jana kwenye kiatu changu. Alisema asiyeweza kubeba ahadi hatambeba yeye. Sheria inaruhusu mke wa jirani, nikambeba Irja wa nyumba ya pili. Kwenye dimbwi la maji ambalo lazima tulivuke, moyo ulienda mbio kuliko miguu, tukazama. Wa mwisho! Ossi wa kwanza, tena. Sirkku amehamia kwa baba yake.
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: farasi. Jamaa wa buti anayo nyingine, ya ng'ombe. Na ng'ombe huzaa kila mwaka.