Ukwe wa Kujifunza Ukutani

Jamani, kama kuna mtu aliyezaliwa kujua lugha za watu, basi ni fundi cherehani wetu! Si mimi ninayesema. Ni yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka tukambandika jina Bwana Ndimi.

Sasa Bwana Ndimi akapata mchumba, binti mzuri, ila kwao wanazungumza lugha ambayo huku kwetu haijui mtu. Baba yake akatoa sharti moja tu: mkwe aje amsalimie kila mtu wa nyumba ile kwa cheo chake, kwa lugha yao. Akishindwa, posa hakuna!

"Hilo tu?" fundi akacheka. "Mimi sikariri kama kasuku, mshenga wangu. Mimi nasoma kwa macho!"

Mshenga ndiye mimi, kinyozi wa mlango wa pili. Mchumba alimletea picha ya familia, ya miaka iliyopita, ukoo mzima umejipanga. Fundi akawachora wote kwa chaki ukutani, na chini ya kila mmoja akaandika cheo chake kwa lugha yao, kama mchumba alivyomfundisha. Baba, koti la mistari. Shangazi, gauni la maua. Shemeji mdogo, fulana nyekundu. Nikasogea nitazame vizuri. Lo! Ukuta mzima hauna hata uso mmoja!

"Vichwa viko wapi?"

"Vya nini? Kwani mimi nashona vichwa?"

"Ndugu yangu, watu hubadili nguo!"

"Kinyozi, wewe endelea na nywele."

Nikarudi kwenye nywele, lakini roho iliniuma. Posa ikivunjika, mshenga naye anaaibika.

Siku ikafika. Sebule imejaa wakwe, mchumba kakaa pembeni anamwombea, maana masikini alimpenda kwelikweli. Fundi akaingia kifua mbele. Macho yakalitafuta koti la mistari, yakalipata. Akapiga magoti mbele yake, akatamka "baba" kwa lugha yao, sauti tamu ajabu!

Mwenye koti alikuwa shemeji mdogo, ndevu bado hazijamwota. Baba alimrithisha zamani, kitambi kilipokataa kufungwa vifungo.

Baba mwenyewe, kwa sababu ya joto, alikuwa na fulana nyekundu. Fundi akampiga bega, akamwita shemeji mdogo, akamkabidhi na kofia amshikie!

Nikakohoa. Nikakonyeza. Nikamfinya! Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Karibu na dirisha akaona gauni la bluu, alilomshonea mchumba wake kwa ajili ya siku ile ile. Akalikimbilia. Akamshika mkono aliyelivaa, akatangaza kwa lugha yao, matamshi hayana doa: "Mke wangu!"

Alikuwa mama mkwe. Binti alimpa mama yake gauni lile kwa heshima, avae apendeze mbele ya mkwe.

Mama hajui acheke au azimie. Baba akasimama taratibu, kofia ya mkwe bado mkononi, akasema maneno machache. Fundi hakuambulia hata moja. Ikabidi amgeukie mchumba wake.

"Anasemaje?"

"Baba anauliza, umekuja kuoa mtu au gauni?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Na usimtazame mshenga. Mimi pia nangoja jibu."

Bwana Ndimi akafungua mdomo. Neno halikutoka, hata kwa lugha aliyozaliwa nayo.