Mgeni Rasmi wa Matembezi ya Baridi

Jumapili, 15 Februari

Nimekasirika. Kalamu inatoboa karatasi.

Leo baada ya ibada Mchungaji katangaza matembezi ya hisani. Jumamosi ijayo, kutoka hapa kwetu Thorncliffe Park mpaka ukumbi mmoja kule Don Mills, kuchangia kituo kinacholaza watu wasio na makazi. Vizuri sana. Nikakaa sawa, nikafunga kifungo cha koti, nikingoja kutajwa. Kiongozi wa kikundi chetu? Nyakundi! Kanisa zima makofi. Hata mke wangu Donatienne kapiga. Nimemwona kwa macho yangu.

Nyakundi ni Mkenya, fundi bomba, mtu wa kucheka-cheka ovyo. Na Jumapili ijayo tunachagua mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya wasema Kiswahili hapa kanisani! Mimi uenyekiti ule nimeutaka tangu Jumuiya haijapata hata viti. Sasa Nyakundi apite barabarani na bendera, siku moja kabla ya kura? Nimemwambia Mchungaji hiyo ni kampeni. Kajibu eti ni kutembea tu.

Kuna jingine linaloniudhi kwa Nyakundi. Nilipofika Toronto nililala sebuleni kwake majira yote ya baridi. Miaka imepita, na hajawahi kulitaja. Si mbele ya watu, si faraghani, hata tukigombana hatamki. Dharau gani hii?

Jumatatu, 16 Februari

Sikukuu ya Familia. Kiwanda kimefungwa, nimeshinda nyumbani na familia. Imenichosha.

Sebuleni sina pa kukaa. Shemeji yangu Josué, mdogo wake Donatienne, analala kwenye kochi langu tangu kiangazi. Alikuwa na chumba, mwenye nyumba akauza nyumba, na kodi za mji huu zikamshinda. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Alfajiri anaingia kwa ncha za vidole ili asituamshe. Mimi naamka! Namsikia anavyojitahidi nisimsikie.

Nilikuwa namwangalia kwa hasira akikoroma pale, ndipo nikashtuka. Josué hana makazi! Watu watatembea kwenye barafu kwa ajili ya wasiowajua, kumbe mimi ninaye wangu, ndani, na blanketi nimempa! Nani basi anastahili kuwa mwenyekiti?

Tatizo ni moja: hakuna anayejua. Josué alituomba tangu siku ya kwanza tusiseme. Yeye ni mwalimu wa kwaya, vijana wanamheshimu, hataki kuhurumiwa. Kanisani wanadhani huwa anakuja tu kumsalimia yaya wake, dada yake mkubwa. Donatienne aliapa kunyamaza. Na mimi niliapa, lakini nilikuwa nakula, mdomo umejaa. Haihesabiki.

Jumatano, 18 Februari

Nimempigia Bi Nazira, anayeandaa matembezi. Mama wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza, anakaa Don Mills. Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nikaanza simu nimeshaudhika.

Nikamweleza kwa heshima kwamba shughuli bila mgeni rasmi si shughuli. Akauliza nani huyo. Nikanyamaza kwa unyenyekevu ili ajaze mwenyewe. Hakujaza! Akasema kwao hakuna mgeni rasmi; kuna kuanza saa nane kamili mchana na kuna supu mwishoni. Kama nataka kusaidia, wanahitaji mtu wa kugawa supu. Mimi! Na upawa mkononi!

Nikamgeukia Mchungaji. Asubuhi simu, mchana simu, jioni nikamfuata kwake nikamkuta anakula. Hatimaye kakubali nitoe neno fupi la shukrani wakati wa supu. Dakika mbili, kasisitiza, na nisigusie uchaguzi. Sawa. Anayetoa neno la mwisho ndiye mgeni rasmi. Kila aliyekulia kwetu analijua hilo. Nyakundi na abebe bendera yake mpaka achoke.

Ijumaa, 20 Februari

Maandalizi. Suti nyeusi imepigwa pasi. Viatu vya ngozi vinang'aa. Donatienne kasema kesho baridi itakuwa ya kuua, nivae koti kubwa na mabuti. Koti kubwa litafunika suti! Tumegombana. Kaniuliza mtu anayekwenda kutembea anavaa tai ya nini. Hawezi kuelewa mambo ya itifaki.

Kuhusu saa nane kamili, nimeshaamua. Mgeni rasmi hawahi. Nilipokuwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkubwa mmoja wa shirika alikuja kututembelea. Tulipangwa juani tangu asubuhi, tukaimba mpaka sauti zikakauka, akafika alasiri. Hakuna aliyelalamika. Tulimpokea kwa vigelegele! Basi na mimi nitafika saa nane na nusu. Waimbe kidogo.

Binti yangu Amandine kaikuta hotuba mezani, kaisoma. Kaniambia kwa Kiingereza siwezi kusema maneno hayo mbele ya watu. Nikamwamuru anijibu kwa Kiswahili. Akasimama pale, machozi yanamlenga, akasema, "Baba, usiseme. Mjomba atasikia aibu." Nikamwambia Kiswahili chake kina makosa, akalale.

Jumamosi, 21 Februari

WALIONDOKA!

Nilikaa kwenye mkahawa wa jirani na uwanja wa kuanzia, simu juu ya meza, nikisubiri wanipigie kwamba umati unaningoja. Hakuna aliyepiga. Saa nane na nusu nikatoka, mwendo wa taratibu, mkono tayari kwa kupunga. Uwanja mtupu! Mama mmoja anakunja meza. Akasema wameondoka saa nane kamili. Kamili! Nani anaanza jambo saa kamili? Wanakimbilia wapi?

Nikawafuata kwa miguu. Kwenye daraja la Overlea upepo ulinikamata kama polisi. Masikio sikuyasikia tena. Viatu vya ngozi juu ya barafu, nikaanguka. Nikainuka. Nikaanguka tena, mbele ya basi lililojaa watu, na wote walikuwa dirishani. Nikamtukana Nyakundi. Nikamtukana na Bi Nazira, Mungu anisamehe, na aliyejenga daraja.

Gari la wasaidizi lililokuwa likifuata nyuma ya msafara lilirudi kunichukua. Vijana wawili wakanivika kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, yenye kishungi. Mmoja akaniuliza polepole, kwa sauti ya kubembeleza, kama leo nina mahali pa kulala. Nikawaambia mimi ndiye mgeni rasmi. Wakatazamana. Wakaniongezea soksi.

Lakini hotuba niliitoa! Ukumbi umejaa, watu na bakuli zao, mashavu mekundu. Nyakundi kaniletea supu mwenyewe, mnafiki, akauliza kama nimeumia. Nikapanda jukwaani. Kofia nilisahau kuivua.

Nikasema wengine wanatembea kwa ajili ya wasio na makazi siku moja kwa mwaka, mimi naishi na mmoja wao. Nikasema kuna mtu humu ndani asingekuwa na pa kulaza ubavu bila mimi. Nimempa kochi, blanketi, taulo. Nikanyoosha mkono. "Josué, simama watu wakuone!"

Alikuwa amesimama tayari, karibu na ukuta, pamoja na vijana wa kwaya. Alitoka kazini alfajiri na bado akatembea njia nzima. Akaweka bakuli chini. Vijana wote wakaangalia viatu vyao. Nikasikia sufuria ya supu ikichemka. Akapiga makofi mtu mmoja tu, Mzungu wa jikoni asiyejua Kiswahili.

Josué kasema, "Asante, shemeji." Kisha akatoka nje.

Asante! Wote wamesikia. Kashukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa Donatienne ananililia nini?

Jumapili, 22 Februari

Josué kaondoka. Alichukua begi jana kabla hatujarudi. Ufunguo kauacha mezani. Blanketi kalikunja, pembe kwa pembe, mto juu yake. Hata kukunja kwenyewe kuna jeuri!

Simu yake haipatikani. Donatienne kapiga tangu jana. Baridi ya leo hata mbwa hawatolewi nje. Amandine hajagusa chai. Kaniuliza kwa Kiswahili, safi kabisa, mjomba kalala wapi. Najuaje mimi? Nilimfukuza? Nilimsifu mbele ya watu wote!

Kanisani kwaya imeimba bila mwalimu. Wameanza wimbo juu mno, wakakwama katikati, wakakaa. Watu wakageuka kunitazama. Mimi siimbi kwaya!

Kisha kura. Kwa kunyoosha mikono. Nyakundi hata hakuomba, wamempendekeza tu, akakataa, wakampendekeza tena. Msitu wa mikono. Likaja jina langu. Ukanyooshwa mkono mmoja, nao ni wangu. Nikamgeukia Donatienne. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika pochi.

Nimekata rufaa kwa Mchungaji. Kanijibu kwamba jambo la kwanza leo ni kumtafuta Josué. Kila mtu Josué, Josué! Mimi nimeteguka kifundo cha mguu, nani ameniuliza?

Jumanne, 24 Februari

Kapatikana. Nyakundi kaja kutuambia, mwenyekiti mzima na buti zake zimejaa theluji, kwenye zulia langu.

Jana jioni alipeleka mablanketi tuliyochanga kwenye kile kituo cha kulala. Akamkuta Josué huko. Kwenye godoro la sakafuni, anafunga kamba za viatu ili aende kazini. Alikuwa huko tangu Jumamosi. Donatienne alipiga ukelele, akakaa chini, akafunika uso kwa kitenge. Amandine akamkumbatia. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya sebule. Sikujua pa kuweka mikono.

Nikataka kusema neno la faraja. Nikawaambia kwamba kituo hicho ndicho tulichotembea kukichangia. Kwa hiyo hata huko amelala kwa juhudi zangu, na kifundo changu ni shahidi. Nyakundi, anayecheka ovyo kila mahali, hakucheka. Alinitazama tu. Nikajua sasa ndipo atalitaja, lile la mimi kulala sebuleni kwake. Nilijiandaa. Nilikuwa na jibu kali kabisa!

Hakulitaja. Kamwambia Donatienne kwamba Josué yuko kwake, chumba cha chini kina kitanda na dirisha, atakaa mpaka apate pake. Akaaga. Mimi kanishika bega. Bega! Bado linanichoma.

Alhamisi, 26 Februari

Nimefikiri kwa kina, na nimelielewa jambo lote. Nyakundi kaniibia mtu wangu.

Mimi nimemtunza tangu kiangazi. Joto langu, chai yangu, choo changu kimoja watu wanne. Halafu anakuja mwingine, anamchukua ameshatakata, na Jumuiya nzima inamwita mkarimu! Donatienne anapeleka ugali na sombe ya majani ya muhogo huko kila jioni, kwa sufuria zangu. Nyumbani hasemi nami. Kaniambia sentensi moja tu tangu Jumanne: niende nikapige magoti kwa mdogo wake.

Sikwenda, kifundo hakiruhusu. Lakini nimemtumia Josué ujumbe wa sauti, mrefu, kwa upendo. Nimemwambia nimemsamehe. Nimemwambia anaweza kurudi kabla ya Jumapili, mchana, watu wakiwepo. Ameusikiliza. Hajajibu.

Basi. Mlango wa Bwana haufungwi. Leo jioni kapiga Mchungaji. Hakunitaka mimi, alimtaka Donatienne, nami nikapokea simu yake alipokuwa bafuni. Kuna mama kafika kutoka Burundi na watoto wawili wadogo, vituo vyote vimejaa, je, Donatienne anafahamu familia yenye sebule?

Nikajibu hapo hapo: ipo! Waje hata kesho. Nikamwomba kitu kidogo tu. Anijulishe saa watakayoshuka kwenye gari, awalete Jumuiya wote, pamoja na mpiga picha wa kanisa. Na huyo mama aelezwe mapema kwamba nitasema maneno machache, asiingie ndani kabla sijamaliza, hata kama kuna theluji.

Mchungaji kasema angependa kuongea na Donatienne.

Wanaogopa wema wangu, watu hawa. Hotuba nimeshaianza, na safari hii hazitatosha dakika mbili.